Bistro ya chakula cha Kizungu inajaa kila Ijumaa hapa Dodoma. Wanafuata nini pale?

#1 Kizota Junction
Wakuu salaam.

Mtaani kwetu imefunguliwa bistro, yaani mgahawa mdogo. Jina siliweki, uzi usije ukaondolewa. Ni nyumba ya kuishi ya kawaida tu, wamebomoa ukuta wa sebule, jiko liko wazi unamwona mpishi anavyohangaika na moto, meza zimebanana mpaka kiwiko chako kinagusa sahani ya jirani. Menyu ni ubao wa chaki, vyakula havizidi vinane. Wanasema ni chakula cha kisasa cha Ulaya.

Ijumaa saa 2 usiku hupati kiti. Watu wamekaa kwenye benchi nje, glasi mkononi, wanasubiri na wala hawaonekani kukereka. Ndani makelele mpaka unaongea kwa kuinamia meza.

Nimempeleka shemeji yenu. Hesabu ni hii: steki 48,000. Risoto ya uyoga 32,000. Mvinyo glasi mbili, 15,000 kila moja. Juu yake asilimia 10 ya huduma. Nimelipa 137,500. Steki yenyewe vipande sita vyembamba, katikati nyekundu, na viazi vya kuponda vijiko viwili vimepakwa ubavuni mwa sahani kubwa. Wali wa risoto una kiini. Nikamwita mhudumu, akanijibu kwa upole kabisa: "Ndivyo unavyotakiwa kuwa, baba." Saa 5 usiku nilikuwa kwa mama wa chipsi.

Sasa naomba nieleweshwe. Hapa ni Dodoma, mbuzi tunaye, kuku wa Singida yupo, Kongwa pale ng'ombe wamejaa. Nani hawa wanaojaza pale kila wiki na wanafuata nini hasa? Msiniambie ushamba, hiyo sio hoja.

#2 Mlenda Mzito
Ushamba.

#3 Bwana Posho
Mkuu swali lako jepesi sana. Bunge la Bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni. Mji una waheshimiwa, wasaidizi wa waheshimiwa, madereva, wataalamu wa wizara walioitwa kujibu hoja, wadau waliokuja "kuonana na kamati". Wote wana posho na hakuna aliyekuja na sufuria. Subiri liahirishwe, Julai utapewa meza mpaka ya kulalia.

#4 Mama Ntyuka
Shemeji yetu alisemaje? Mbona hilo umeliruka?

#5 Kizota Junction
@Mama Ntyuka alifurahi. Anataka turudi mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nimeleta uzi, natafuta hoja.

#6 Mhasibu Hewa
Nimekaa na hiyo bili. 48 na 32 ni 80. Mvinyo 30, inakuwa 110. Asilimia 10 ni 11. Jumla 121,000. Wewe umelipa 137,500. Kuna 16,500 haina maelezo, ambayo ukitoa asilimia 10 inabaki elfu 15 kamili. Mleta uzi, elfu 15 ni ya nini?

#7 Kizota Junction
Keki ya chokoleti. Ile ukiikata katikati inatiririka. Ya shemeji yenu.

#8 Mama Ntyuka
Vijiko viwili hapo mezani vilikuwa vya nini basi?

#9 Mlenda Mzito
Uzi umeisha. Mtuhumiwa amekula keki.

#10 Jikoni Kwetu
Nimepika kwenye majiko ya namna hii miaka kadhaa, Dar na sasa hapa Dodoma, ingawa sio hilo la mleta uzi. Niseme kidogo maana naona watu wanahukumu sahani bila kuona jiko.

Udogo wa chakula. Kizungu hakiji chote kwa pamoja kama sinia letu. Zamani hata wao walijaza meza kwa mkupuo mmoja. Huu utaratibu wa sahani kuondoka ndipo nyingine ije waliuchukua Urusi karne ya 19. Kwa hiyo steki imepigiwa hesabu kwamba umeanza na supu au saladi, umepata mkate, na mbele kuna kitamu. Ukirukia nyama peke yake umekula robo ya mlo kwa bei ya nusu. Na sahani kubwa yenye chakula kidogo ni mambo ya miaka ya 1970 Ufaransa, wapishi walipoanza kuacha zile sosi nzito za unga na siagi. Wakosoaji wawili, Henri Gault na Christian Millau, wakawapigia debe, 1973 wakawaandikia na amri kumi kabisa.

Steki. Ng'ombe wetu wengi ni zebu, huyu wa nundu, anatembea kutwa kutafuta majani, anachinjwa ameshakomaa, hana mafuta kwenye nyama. Anachinjwa alfajiri, saa 4 asubuhi yuko sufuriani. Kwa mchuzi ni mtamu kuliko wa Ulaya, nasema bila aibu. Kwa steki anagoma. Lazima nyama ilazwe kwenye ubaridi wiki mbili au tatu, vimeng'enya vyake vyenyewe vilegeze nyuzi. Muda wote huo inapungua uzito, jokofu linakula umeme, na umeme ukikatika mchana kutwa mpishi anazunguka uani hasemeshwi. Halafu sarara yenyewe kwenye ng'ombe mzima ni kipande kidogo mno. Hiyo 48,000 anza kuihesabia hapo.

Risoto. Mchele wake ni Arborio au Carnaroli wa kaskazini mwa Italia, punje nene yenye wanga mwingi. Unautilia supu upawa kwa upawa, unakoroga, unautoa ukiwa na kiini. Ukingoja uive kama wali wa Kyela unapata uji. Na hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100. Dakika 18 za Dar hapa hazitoshi. Mpishi anayehamia kutoka Pwani, wiki ya kwanza anatoa tambi zinazokatika kama vijiti.

Keki: aliyeibuni ni Michel Bras, Ufaransa, 1981. Yake ilikuwa na donge la chokoleti iliyogandishwa katikati. Wengi wetu siku hizi tunaitoa tu ovenini kabla haijaiva.

#11 Tochi
Kwa hiyo wali mbichi, nyama mbichi, keki mbichi. Halafu asilimia 10 ya huduma.

#12 Kiti cha Nyuma
@Tochi hahahaha aisee.

#13 Ndugu Behewa
@Bwana Posho #3, hoja yako ina tatizo. Tangu treni ya mwendokasi ianze kuja Dodoma Julai 2024, Ijumaa jioni nusu ya wizara iko stesheni na begi dogo. Mimi mwenyewe nimo. Ukichelewa kukata tiketi ya Ijumaa unakosa. Wenye posho wanakula kwa wake zao Dar. Mleta uzi anasema hiyo bistro inajaa Ijumaa, siku ambayo watu wako wameondoka. Sasa nani anajaza?

#14 Bwana Posho
Waliokosa tiketi.

#15 Ndugu Behewa
Jibu kwa heshima mkuu.

#16 Bwana Posho
Nimejibu kwa heshima. Serikali ilianza kuhamia huku kwa kishindo 2016. Kuna watu waliambiwa ripoti Dodoma ndani ya wiki, familia ikabaki Dar na watoto wako shule. Miaka imepita. Wengine familia imeshazoea kukaa bila wao, ukitokea Ijumaa unaulizwa umekuja kufanya nini. Huyo hapandi treni. Huyo ndiye yuko pale benchi na glasi. Sio lazima iwe posho ya Bunge, ni mtu hana kwa kwenda.

#17 Mama Ntyuka
Mmeanza kuhuzunisha. Mimi nimepelekwa pale, au pa aina hiyo, na kaka mmoja ambaye tulikuwa tunafahamiana upya. Ana suti, ana manukato, ananiambia yeye huku anajua. Mhudumu akaja, kaka hakutaka kuuliza kitu mbele yangu, akanyoosha kidole ubaoni: "Hiyo tatare ya ng'ombe, na iive vizuri."

Mhudumu akamtazama. Akasema haipikwi. Kaka akasema "najua, ila yangu iive". Ikaja. Nyama mbichi imekatwakatwa, katikati kiini cha yai kibichi kimekaa kinanitazama, pembeni vitunguu na vile vitu vichachu vya kijani. Kaka akaikata kwa uma, akaikusanya, akaihamisha kulia, akaihamisha kushoto. Alikula mkate wote. Mimi nilikula samaki wangu mpaka mwisho, na walikuwa wazuri sana, ngozi inavunjika, chini kuna sosi ya siagi na limau.

Watu wanafuata nini pale? Wengine wanafuata kuona mwenzio anafanyaje akikutana na asichokijua. Kwa hilo elfu 48 ni rahisi.

#18 Mlenda Mzito
Huyo kaka yuko humu?

#19 Kizota Junction
Kama yuko humu ajitokeze, namnunulia chipsi.

#20 Tochi
Tukirudi kwenye nyama. Mimi damu sili, hata dini inanikataza. Hiyo steki ya kuchuruzika damu mnaihalalishaje?

#21 Mkaguzi Mstaafu
@Tochi, ile sio damu. Damu inamwagika machinjioni. Wekundu ule ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli, na nyama ikikaribia nyuzi 60 inaanza kugeuka kahawia. Maji yanayotoka kwenye sahani ni maji ya nyama yaliyobeba rangi hiyo. Suala la dini muulize shehe wako, mimi naongelea msuli.

Ila wale wanaosema "ya nusu kuiva ni salama tu" wapunguze spidi. Kipande kizima vijidudu vyake vingi viko juu na moto mkali unaviua, hiyo ni kweli. Ndiyo maana ya kusaga haitakiwi kubaki nyekundu, kwa sababu ya juu imeshachanganyika na ya ndani. Lakini kwa ng'ombe kuna tegu. Malengelenge yake yanakaa ndani ya msuli. Sisi tulikuwa tunakata misuli ya mashavu, ulimi na moyo kuyatafuta, na palipo na machache yanaweza kukupita. Yanakufa nyama ikifika nyuzi 60 mpaka katikati, au ikigandishwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10. Steki yenye wekundu kwa kawaida haifiki hapo. Kwa hiyo ukikaa pale swali lako kwa mhudumu liwe: nyama hii imetoka wapi, ina mhuri?

Tatare sili, hata mkinilipia.

#22 Mlenda Mzito
Nilikuwa nakula. Asante mzee.

#23 Jikoni Kwetu
@Mkaguzi Mstaafu yuko sahihi. Sehemu niliyopo tunachukua nyama iliyokaguliwa na ya tatare inapita kwanza kwenye friza. Sio wote wanafanya. Ulizeni.

#24 Zabibu Nyekundu
Mimi nimesoma #1 nikakwama kwenye mvinyo. 15,000 kwa glasi. Mvinyo wa wapi?

#25 Kizota Junction
Afrika Kusini.

#26 Zabibu Nyekundu
Hapo ndipo moyo unaniuma. Umekaa Dodoma, jirani na mashamba ya zabibu ya Hombolo, unakunywa ya Cape Town. Mkulima wa Mpunguzi anahangaika na soko la zabibu, wewe na shemeji mnapeleka elfu 30 nje. Zabibu alileta Mwalimu Nyerere hapa ili watu wa kanda hii kavu wapate zao la biashara, leo tunaona aibu kuiweka mezani.

#27 Bi Mkubwa Area C
Mwanangu, zabibu zilitangulia. Walianza mapadre wa Kikatoliki pale Bihawana, mizabibu ya kutengenezea divai ya misa. Mambo ya kampuni ya umma na kiwanda cha mvinyo cha DOWICO yalikuja baadaye. Usimwondolee Mwalimu sifa, lakini usimpe na ya padre.

#28 Msomi wa Ng'hong'hona
Naongezea. Hapa mzabibu hauna majira ya baridi ya kulala kama Ulaya, mkulima ndiye anaulazimisha kwa kuukata matawi. Ndiyo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi halafu Agosti na Septemba. Ufaransa wanavuna mara moja. Tuna nyekundu yetu inaitwa Makutupora, tuna Syrah, tuna Chenin Blanc nyeupe.

#29 Tochi
Mvinyo wa Dodoma mtamu mno, unaumiza kichwa. Semeni ukweli.

#30 Zabibu Nyekundu
Unaongelea dompo za kwenye kona. Tafuta nyekundu kavu ya Makutupora, iweke kwenye friji nusu saa, kunywa na mbuzi wa kuchoma, kisha urudi hapa.

#31 Jikoni Kwetu
Tatizo sio utamu. Mwenye bistro anataka chupa ya mwezi ujao ifanane na ya leo. Kuna mizigo ya hapa ni mizuri sana, mzigo unaofuata sio. Mimi ya hapa naichemshia sosi ya steki, na mabaki ya karamu nalowekea mapaja ya kuku usiku kucha. Lakini kuna wenzetu wameanza kuiweka ubaoni kwa glasi na inaisha. Bei yake pale ni 9,000, mjue.

#32 Msomi wa Ng'hong'hona
Sasa nirudi kwa mleta uzi, maana naona wote mnajibu "nani" na hamjibu "nini".

Hiki anachokiona mtaani kwake kina ukoo. 1992 mpishi Yves Camdeborde, aliyekuwa jikoni kwenye hoteli kubwa ya Crillon pale Paris, alitoka akafungua sehemu ndogo inaitwa La Régalade pembezoni mwa mji, kodi rahisi, meza zimebanana, mbwembwe hakuna, menyu fupi ya bei moja. Chakula ni cha mkono wa hoteli, mahali ni pa mtaa. Watu wakafuata. 1994 London, Fergus Henderson akafungua St. John jirani na soko la nyama la Smithfield, akawauzia Waingereza mifupa iliyookwa wajichokolee uboho wapake kwenye mkate na saladi ya majani. Vitu vya machinjioni ambavyo matajiri walikuwa wameviacha. 2003 Copenhagen, Denmark, ukaja mgahawa wa Noma, mwaka uliofuata wapishi wa nchi zile za kaskazini wakaandika tamko kwamba wapike cha kwao, cha msimu wake.

Ukiunganisha hizo utaona "Ulaya ya kisasa" maana yake mpishi mwenye ufundi anapika kilicho karibu naye kwa bei ambayo jirani ataweza. Kwa kipimo hicho ile bistro yenu imenakili sura imeacha roho. Mchele kutoka Italia, mvinyo kutoka Cape. Iko wapi sahani ya uwele? Iko wapi karanga, ubuyu, asali ya Singida, perege wa Mtera? Mlenda mbichi na mlenda mkavu, mtu wa Copenhagen angelipia nauli kuja kuuonja.

#33 Mlenda Mzito
Naunga mkono hoja kwa nguvu zote. Jina langu litajwe kwenye menyu.

#34 Bwana Posho
Mlenda elfu 32 kijiko kimoja na nusu, umepakwa ubavuni mwa sahani.

#35 Kiti cha Nyuma
@Bwana Posho mlenda haukubali kupakwa ubavuni. Utashuka wenyewe mpaka mezani.

#36 Tochi
Uboho Waingereza wamegundua 1994. Bibi yangu Mpwapwa alikuwa anagonga mfupa kwenye jiwe tangu enzi za mkoloni. Apewe nyota.

#37 Jikoni Kwetu
@Msomi umesema vizuri lakini hujawahi kuiuza. Niliweka sosi ya ubuyu juu ya mbuzi wa oveni. Wageni waliagiza. Wenyeji walisoma ubaoni wakasema "ubuyu nikale kwa elfu 30?" wakaagiza steki. Wanaokuja pale wengi ni Watanzania, na hawaji kulipia cha nyumbani. Labda baada ya miaka michache. Uwele nilitengenezea vibiskuti vya kulia jibini la Njombe, hivyo vilikwenda kwa sababu sikuandika uwele.

Na usidhani kila kitu kinatoka nje. Mboga zangu nyingi ni za Mgeta kule Morogoro, zinaletwa usiku. Letusi ya kulima hapa mwezi wa Septemba utaimwagilia kwa machozi.

#38 Kiti cha Nyuma
Wote mmezunguka mbuyu. Niwaambie wanachofuata. Kelele.

Angalieni mji huu. Ukikaa hotelini kwenye kapeti, meza ya pili yuko mtu wa wizara yako. Ukikaa kwenye bustani ya nyama choma, muziki ukizimwa ghafla sentensi yako inasikika mpaka kaunta. Pale bistro kuta tupu, sakafu ya saruji, dari ya mbao, jiko linapiga sufuria, watu hamsini wanaongea kwa mpigo. Nimekaa na mtu umbali wa mkono, wa meza ya jirani hakusikia hata herufi. Mwenye mchongo wake wa zabuni, mwenye barua ya uhamisho anaitafutia njia, mwenye mpenzi asiyetakiwa kuonekana, wote wanahitaji kelele. Steki ni kiingilio.

#39 Mama Ntyuka
Mwenye mpenzi wa siri akakae mahali meza zimebanana na jiko liko wazi? Umefikiria vizuri kaka?

#40 Kiti cha Nyuma
Taa hafifu dada.

#41 Bi Mkubwa Area C
Mimi nipo Dodoma tangu makao makuu hayajatangazwa, maana uamuzi ule ulikuwa 1973 na mimi nilikuwa nimeshaolewa hapa. Kula Kizungu si kitu kipya. Kulikuwa na hoteli ya zamani karibu na stesheni, ukienda Jumapili unapata supu kwanza, halafu nyama ya oveni, halafu kastadi. Tulivaa viatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini chakula kinakuja kidogo kidogo.

Nikiwasikiliza naona hamjataja upepo. Juni na Julai, jua likishazama, mji huu una baridi na vumbi. Mabanda yetu ya nyama choma yako wazi pande zote. Unashika kipande cha moto, ukikipeleka mdomoni kimepoa na kina mchanga. Mwanangu wa kike ndiye alinipeleka mahali pa namna hiyo, nikakuta pamefungwa vizuri, moto wa jikoni unapasha chumba kizima, nikavua shuka langu la mabegani. Nilikula supu ya maboga na mkate wa kuokwa hapohapo. Nilirudia mkate, hawakunidai.

Hiyo nyama nyekundu sikuigusa.

#42 Ndugu Behewa
Hoja ya upepo ina mashiko kuliko zote mpaka sasa.

#43 Bwana Posho
Juni ndiyo Bunge la Bajeti pia. Nakumbusha tu.

#44 Kizota Junction
@Bi Mkubwa shikamoo. Sisi hatukuletewa mkate mpaka tulipouomba, na ukaandikwa. Maji nayo tuliuziwa chupa, elfu 3. Nilisahau kuiweka kwenye hesabu.

#45 Mhasibu Hewa
Huwezi kusahau. Hesabu imeshafungwa kwenye 137,500. Elfu 3 za maji na mkate zinaingia wapi?

#46 Kizota Junction
Zilikuwa za siku nyingine.

#47 Mama Ntyuka
SIKU NYINGINE!!!

#48 Mlenda Mzito
Jamani. Mleta uzi ni mteja wa kudumu.

#49 Msomi wa Ng'hong'hona
Kuhusu mkate: Ufaransa kwenye mgahawa mkate na maji ya jagi vinakuja na chakula, hutozwi, na huduma imeshajumlishwa ndani ya bei unayoiona kwenye menyu. Italia sehemu nyingi utakuta tozo ya kukaa mezani, ndogo, na mkate humo. Kwa hiyo hiyo asilimia 10 inayoongezwa chini ya bili sio lazima iwe "mambo ya Ulaya" kama wanavyosema. Kila nchi na wizi wake.

#50 Tochi
Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, waliwapa? VAT ni asilimia 18, msije mkawa mnalipia kodi isiyofika.

#51 Kizota Junction
Walitoa bila kuombwa. Hapo niwape haki yao. Na bei zote kwa shilingi.

#52 Tochi
Lazima kwa shilingi, kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa dola. Sio hisani.

#53 Zabibu Nyekundu
Kwa hiyo umerudi. Safari ya pili ulikunywa nini?

#54 Kizota Junction
Maji. Nimesema.

#55 Jikoni Kwetu
@Kizota Junction ukienda tena, nenda Jumanne. Mpishi ana muda, nyama imelala vya kutosha, utamwambia unataka kipande kinene kimoja kisikatwe, viazi viongezwe. Hakuna atakayekucheka. Ijumaa jiko lina sahani sitini kwa saa moja, kila kitu kinakatwa na kupangwa mapema ndiyo maana ulipata vipande sita. Agiza pia shingo au mkia uliopikwa polepole kama upo ubaoni, hapo zebu wetu anamshinda wa kwao, ile mishipa inayeyuka inakuwa gundi tamu. Bei yake karibu nusu ya steki.

#56 Bwana Posho
Jumanne hapana kelele. Nadharia ya @Kiti cha Nyuma tutaijaribia wapi?

#57 Kiti cha Nyuma
Jumanne michongo inafanyika ofisini.

#58 Mkaguzi Mstaafu
Mkia wa kupikwa polepole nauunga mkono. Hapo hakuna tegu anayepona.

#59 Tochi
Mimi nawasubiri Msalato Jumamosi mnadani. Mbuzi unamwona akiwa mzima, unamchagua, unamlipia, anachomwa mbele yako, chumvi na pilipili. Jiko la wazi ndiyo hilo.

#60 Mlenda Mzito
Nipo. Nani mwingine? Tuchange mbuzi mmoja, watu sita.

#61 Zabibu Nyekundu
Nipo. Naleta Makutupora chupa mbili, za baridi. @Jikoni Kwetu njoo na kisu chako.

#62 Jikoni Kwetu
Jumamosi niko kazini mpaka usiku. Niwekeeni ini.

#63 Ndugu Behewa
Mimi nitakuwa Dar.

#64 Mama Ntyuka
Nakuja na mtu. Msimuulize habari za tatare.